Siku moja maishani mwangu: magunia 120 ya korosho kutoka Newala hadi Mtwara

Saa 10:30 alfajiri

Wengi wakisikia Mtwara wanawaza bahari na joto. Hao hawajalala Newala. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde upepo unapanda kutoka bonde la Ruvuma usiku kucha na kuingia gesti kwa chini ya mlango, na mwezi huu wa kumi na moja bado nalala na soksi. Namgongea utingo wangu chumba cha pili. "Kuchele, dogo!" Neno hilo nimelipata huku, maana yake kumekucha.

Mimi ni mtu wa Songea. Kwa mwaka miezi saba au nane niko nje ya kwangu nikifuata mavuno. Ufuta ukianza kutoka mwezi wa sita niko Lindi, Nachingwea na Kilwa. Wa nane nabeba mbaazi. Kisha narudi nyumbani wiki chache kwenye mahindi, watoto wananizoea tena, halafu Oktoba tajiri anapiga simu: korosho imeanza, Fuso ipo Masasi, njoo. Huu ni msimu wangu wa sita nikishika usukani. Kabla ya hapo nilikuwa utingo. Novemba 2018, serikali iliposema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaingia kuibeba, nilikuwa utingo wa gari lililokaa Masasi limefungwa turubai tupu.

Nakagua maji, oili, breki, nati za tairi. Halafu kamba, nne zote, kwa tochi ya simu, nikizipitisha kiganjani. Ya tatu imeanza kufumuka nyuzi katikati. Naipiga fundo mahali pale, naivuta kwa nguvu zangu zote, inakaza. Nasema itafika. Kumbukeni hiyo kamba.

Saa 12:20 asubuhi

Tuko kwenye chama cha msingi, ushirika wa wakulima wa korosho, kijiji cha njia ya Kitangari. Barabara ni mchanga mwekundu ambao Fuso tupu inaogelea ndani yake. Harufu ya mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyoanguka inakupokea kabla hujaona nyumba, tamu na kali kidogo, msimu mzima inakaa kwenye nguo.

Wakulima wameshafika. Wengine wamelala hapo. Mizani iko mlangoni, na kila gunia linapimwa kilo 80 za korosho na kidogo ya gunia lenyewe. Karani anachoma bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, ubavuni, korosho zinateremka kiganjani kwake, anazitazama, anazipima kwa vidole, anazimwaga sakafuni. Korosho kavu inalia kama kokoto. Yenye unyevu inaanguka kimya, na mwenyewe anajua kabla hajaambiwa, anainama kufungua gunia lake akaanike upya. Hakuna anayebishana na sauti ile.

Karani anataka nipakie 140. Nakataa. Gari langu ni ekseli mbili, kikomo cha barabarani ni tani 18 pamoja na gari lenyewe, na mchanga wa huku hausomi sheria, unameza tu. Nimesema 120, ni 120.

Kuna bibi mmoja amesimama pembeni ya mlango tangu gunia la kwanza. Hakai.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye unayezipeleka?"

"Ndiyo bibi. Mtwara."

"Maghala ya hapa?"

"Yamejaa. Tumepangiwa la Mtwara mjini."

Akawatazama makuli wanavyopandisha. "Nenda nazo taratibu. Hizo ni bati zangu."

Magunia yake ni matatu. Wanaokula korosho za kukaanga kwenye vifuko hawajui gunia moja linatokea wapi, na mimi sikujua mpaka nilipokaa huku. Kufyeka na kupalilia. Kupulizia salfa kuanzia mwezi wa tano au wa sita, maua yasishikwe na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na salfa ina bei. Halafu kuokota: korosho haichumwi mtini, inasubiriwa ianguke na bibo lake, unainama, unaokota, unanyonyoa, unatupa kikapuni. Moja moja. Kwa mgongo wa miaka sabini.

Na hapo bado hajalipwa hata senti. Chini ya stakabadhi ghalani, utaratibu ulioanza kwenye korosho msimu wa 2007/08, mzigo unapimwa upya ghala kuu, unakaguliwa ubora, stakabadhi inaandikwa, ndipo unaingia mnadani, ndipo pesa inarudi kwa mkulima kupitia benki. Kwa hiyo magunia haya yakiwa mgongoni kwa Fuso bado ni ya bibi. Nikilala njiani, bati zake zimelala njiani.

Saa 4:30 asubuhi

Tumeondoka. Mahuta tunakunywa chai ya tangawizi na mhogo wa kuchemsha huku tumesimama.

Njiani dogo ananionyesha simu. Kuna mtu amemtumia ujumbe: kazi ya udereva wa malori ya mavuno nje ya nchi, Marekani au Australia, mshahara wa dola, atume shilingi laki nane za kufungulia faili. Ana miaka 23, ana leseni changa, macho yanang'aa.

Nilipunguza mwendo ili anisikie. Nilimwambia jambo ambalo hata mke wangu nilichelewa kumwambia: miaka mitatu iliyopita na mimi nililipa. Laki sita, za msimu mzima wa ufuta. Nilipewa barua yenye muhuri, nikapewa tarehe, tarehe ikapita, namba ikazimwa.

Baada ya hapo ndipo nilianza kuulizia na kusoma. Kazi zenyewe zipo, si uongo. Marekani vuno la ngano linaanza Texas mwezi Mei na kupanda kaskazini, Oklahoma, Kansas, Nebraska, mpaka Dakota na Montana kwenye Septemba, na wavunaji wanahama nalo na mashine zao na malori yao, kama mimi ninavyohama kutoka ufuta kwenda mbaazi kwenda korosho. Australia vuno la nafaka linakuja kuanzia Oktoba, miezi hii hii yetu, na wanaendesha kushoto kama sisi. Lakini viza ya Marekani ya kazi za msimu shambani, wanaiita H-2A, sheria yake inamkataza mwajiri na wakala wake kumtoza mfanyakazi ada ya kumpa kazi, na malazi mwajiri anayatoa bure. Anayekudai laki nane kabla hujaiona sura yake amekwisha kukujibu swali.

"Kwa hiyo nisiende, kaka?"

"Nenda. Ila anza kwa TaESA, huduma ya ajira ya serikali, uwaulize huyo mtu wanamjua. Na kwanza ukomae na leseni yako. Ukienda huko hujui hata kufunga mzigo watakurudisha."

Sikujua kwamba saa mbili baadaye maneno hayo ya kufunga mzigo yangenirudia mimi.

Saa 7:10 mchana

Tumeshapita Tandahimba. Kipande cha Mnivata hadi Newala kilikuwa bado kwenye ujenzi wa lami, michepuko kila baada ya kilomita kadhaa, na mvua ya kwanza kubwa ilikuwa imenyesha usiku. Gari lililo mbele limechimba shimo upande wa kushoto. Naingia kwa gia ya kwanza, taratibu kama bibi alivyosema. Gari linainama. Nasikia kitu kinalia nyuma, mlio mkavu, mara moja.

Nilijua kabla sijashuka. Kamba ya tatu ilikuwa imekatika kwenye fundo lilelile.

Magunia mawili ya juu yalikuwa yameanguka. Moja lilitua kwenye tuta la mchanga, zima. La pili liligonga jiwe la kifusi na kupasuka ubavu, na korosho zimemwagika kwenye tope.

Korosho ghafi ni ya kijivu. Ikishapakwa tope jekundu huioni tena, unaipapasa. Dogo na mimi tulipiga magoti. Pikipiki mbili zikapita, ya tatu ikasimama. Mama wawili waliokuwa wanatoka shamba wakatua vikapu vyao, na mmoja akashika usukani wa kazi yote: "Msikanyage! Anzieni pembeni mje katikati. Wewe baba, ya kavu na ya tope usichanganye!" Alikuwa sahihi kabisa, na mimi dereva wa misimu sita nilikuwa natupa zote ndoo moja. Ghalani unyevu hautakiwi kuzidi asilimia 10, na ndoo moja ya korosho zilizolowa ndani ya gunia inaweza kuharibu gunia zima.

Watoto wa shule wakaja na sare zao. Wao ndio waliokuwa na macho. Walikuwa wanazitoa kwenye nyayo za matairi kwa vidole, korosho moja, wanaisugua kwenye majani, wanaileta.

Mimi nilikaa juu ya tairi la akiba na gunia mapajani. Shazia, sindano kubwa ya kushonea magunia, huwa naiweka nyuma ya kioo cha jua, imechovywa oili isishike kutu. Nilikunja midomo ya gunia ndani, mara mbili, nikaanza chini, uzi wa katani, mshono mfupi mfupi, kila mshono wa tano fundo. Mkono ulikuwa unatetemeka, na si kwa uchovu. Sikujua gunia lile ni la nani. Chama kinachanganya mzigo, hakuna jina juu yake. Lingeweza kuwa la bibi, lingeweza kuwa la mwingine aliyelala pale nje usiku kucha. Kwenye mnada wa kwanza wa msimu wa 2024 kilo moja ilipita shilingi 4,000. Nilikuwa nahesabu kila ninachokiona kwenye tope kwa bei hiyo, na kamba mpya ingenigharimu kilo ngapi, na kwa nini nilisema itafika.

Zilizokuwa kavu zikarudi gunia lake. Za tope zilijaa ndoo mbili. Tulizisuuza haraka kwa maji ya dumu letu la kunywa, dogo akazipangusa kwa fulana yake, na kwa kuwa hapakuwa na jua wala mahali, nikatandika blanketi langu kwenye kitanda cha kabini nyuma ya viti, tukazimwaga humo, tukazitandaza ziwe safu moja.

Nilitaka kumpa yule mama chochote. Alikataa. "Zingekuwa zangu?" alisema, akajitwika kikapu chake akaondoka.

Tuliwasha gari saa 9:05.

Saa 10 na nusu jioni

Mnivata, lami. Kutoka hapo hadi mjini ni kilomita 50, hakuna la kusimulia. Naliendele, penye kituo cha utafiti wa korosho, dogo akaniuliza kama wale wataalamu wanajua yaliyotupata leo. Sikuwa na nguvu ya kujibu.

Saa 11:40 jioni

Ghalani, Mtwara. Mlinzi anatuandikia namba kwa chaki mlangoni mwa gari: 38. Wanapima malori kumi na kitu kwa siku mvua isiponyesha. Hesabu mwenyewe.

Foleni hii ndiyo inayoniuma kuliko barabara. Dereva analipwa kwa safari, si kwa siku, kwa hiyo siku tatu za kukaa hapa ni chakula kutoka mfukoni mwangu. Lakini sema hilo ni langu. Korosho nayo inazidi kukauka juu ya gari, inapungua uzito, wenyewe wanaita unyaufu, na kilo zikipungua zinaandikwa za mzigo wa chama, wakulima wanagawana hasara, na kijijini swali la kwanza ni dereva kafanya nini nazo njiani. Msimu mmoja, ghala moja ambalo silitaji lilinikalisha siku nne, kilo 23 zikakosekana, na mwenyekiti wa chama hakunisalimia mpaka msimu ukaisha. Wangepanga malori kwa tarehe ya kutoka kijijini, wangetupa namba kwenye simu tukiwa bado Newala, nusu ya hasara hiyo isingekuwepo. Nimelisema kila ghala nililofika na nitaendelea kulisema.

Saa 2:30 usiku

Wali na samaki kwa mama ntilie wa nje ya geti. Nimempigia mke wangu, mtoto mdogo ameng'oka jino, amelitupa juu ya paa. Nimenunua kamba mpya mbili dukani, kabla sijala. Halafu nikampigia karani wa chama na kumweleza kila kitu, gunia, tope, ndoo mbili. Alikaa kimya, akaniambia niandike kwenye karatasi, nitie saini, niikabidhi pamoja na hati ya mzigo. Nimeandika. Nimeandika pia kwamba kamba niliiona asubuhi.

"Yule bibi anauliza mmefika?" alisema mwishoni.

"Mwambie tumefika. Hatujapimwa."

Saa 5:20 usiku

Mvua imeanza. Nimeshuka nikazunguka gari zima, nikapapasa turubai kwenye pembe zote nne, pakavu. Dogo amelala chini ya gari la jirani, penye simenti.

Mimi niko kwenye kiti, kitanda kina wenyewe. Nimewasha taa ndogo ya kabini na dirisha nimeliacha wazi kidole kimoja hewa ipite. Nazigeuza kwa mkono, kuanzia ukutani nikija huku kwangu. Za juu zimeshaanza kulia zikigongana. Za chini bado ni kimya.