Mjomba Aliuliza Wanacheza Lini

Mwaka 2010, baada ya kumaliza mwaka wa kwanza wa shahada ya sanaa za maonyesho katika chuo ambacho sitakitaja, nilirudi Mtwara kwa likizo ndefu nikiwa nimekwisha kuamua kuhama, ila sikujua niende wapi. Mwaka mzima tulikuwa tumesoma tamthiliya kwa kupokezana kurasa, tumekaa kwenye madawati. Jukwaa lilikuwamo katika mtaala, lakini chuoni halikuwapo.

Nilikuwa na njia mbili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, ambako sanaa za maonyesho zimefundishwa tangu miaka ya 1960, kingenibakizia shahada na, kama ningefuata taratibu za Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), pengine hata mkopo na masomo niliyokwisha kufaulu. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, yaani TaSUBa, ilikuwa ikitoa stashahada chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi (NACTE), hivyo kwenda huko kulikuwa kuanza upya kwa fedha za nyumbani. Mama, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hakuona jambo la kujadili: aliyekwisha kuingia shahada hashuki kwa hiari yake.

Hata hivyo, kwetu Wamakonde neno la mjomba lina uzito, kwa hiyo nilipanda basi kwenda Newala. Nilimkuta akipulizia dawa ya salfa mikorosho yake, unga wa njano umemganda kwenye nyusi na kola ya shati, naye hakuzima bomba mpaka alipomaliza mstari. Nilimweleza kwa kirefu tofauti ya shahada na stashahada. Alisikiliza huku akijifuta uso, kisha akauliza, "Huko wanacheza lini, mwanangu? Na watu wanakuja?"

Ujanani alikuwa mchezaji wa mapiko, ngoma yetu ya vinyago, na jioni ile ile mapiko yalichezwa kijijini, kwa kuwa vijana walikuwa wametoka jando. Lipiko, yaani mchezaji mwenye kinyago, aliingia uwanjani amefungwa nguo mwili mzima, kinyago chenye nywele za watu kimemfunika kichwa, akichungulia kupitia mdomo wa kinyago hicho. Uso wa mti haubadiliki, kwa hiyo kila alichotaka kusema alikisema kwa mabega na nyayo. Alipojifanya mzee mwenye kiburi aliyeumwa mgongo, akina mama walicheka hadi wakashikana, na watoto waliokuwa mbele walikimbia kila alipowageukia. Mwaka mzima darasani sikuwa nimefundishwa kitu kama kile.

Nilirudi mjini nikivipima vyuo vyote viwili kwa swali lile. Mlimani wanafunzi walikuwa wakifanya maonyesho, sikatai. Lakini chuo cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, kilipata walimu wake wa mwanzo kutoka vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo, watu waliokuwa wamekula jasho la jukwaa kabla ya kushika chaki. Na kila mwaka kilikuwa na tamasha ambalo wenyeji na wageni walikuja kulitazama. Nikachagua Bagamoyo.

Mjomba alichangia ada kutoka malipo ya pili ya korosho za msimu uliopita, na jambo hilo lilimfunga mama mdomo kuliko hoja zangu zote. Mama alinisindikiza hadi stendi, akanifungia samaki wa kukaanga wa njiani, ila kwa majirani aliendelea kusema kwamba nimehamia Mlimani.