Pareto ya kando ya barabara

Juni yangu ya kwanza Leeds, Uingereza, nilikuwa kwenye basi, ghorofa ya juu, nikaona pareto. Nakwambia pareto, lile ua la dawa ya kuua wadudu tunalolima kwetu! Nyeupe, kiini cha njano, inayumba kando ya barabara kama shamba la mama kule Ilembo, Umalila, mkoani Mbeya, Tanzania. Nikashuka kituo kisicho changu, nikarudi kwa miguu, nikapiga picha, nikamtumia mama. Akapiga simu papo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hilo shamba la nani?"

"Si la mtu, mama. Yamejiotea."

"Yamejiotea! Kilo wananunua shilingi ngapi huko?"

Ndipo nikaangalia majani. Ya pareto yamechanika-chanika, ya kijivu kama yamemwagiwa majivu. Haya yalikuwa kijani kabisa, na meno pembeni. Kumbe ni ua la porini ambalo Waingereza wanaliita jicho la ng'ombe, ndugu wa pareto kweli. Zamani wataalamu waliyaweka yote mawili katika jenasi moja, yaani kundi moja la mimea, ya Chrysanthemum. Nikasaga moja vidoleni, nikanusa. Wapi! Ile harufu iliyotupigisha chafya usiku kucha tukilala chumba kimoja na magunia, haimo.

Maua mengine ya huku nayaona mazuri tu, yanapita. Machi narisisi za njano, kuelekea Mei misitu inafunikwa na maua ya bluu. Sina deni nayo. Lakini hili jeupe linanirudisha saa kumi na mbili asubuhi, umande hadi magotini, kapu kiunoni. Unachuma kichwa tu, kikonyo hakitakiwi, maana sumu ya kuua wadudu imo kwenye ua. Kisha kuanika na kugeuza. Kilo nne, tano mbichi, ukikausha unabaki na moja. Na mvua ya Umalila haibishi hodi: mwaka mmoja mzigo ulipata ukungu, mnunuzi akarudisha gunia zima. Ada yangu ya muhula ilikuwa mle.

Cha kuchekesha, pareto asili yake ni huku Ulaya, Dalmatia, pwani ya Kroatia. Kwetu ililetwa enzi za ukoloni, ikakutana na baridi ya milimani inayoitaka ili itoe maua.

Mama hakuelewa kwa nini watu wanapita bila kuchuma. Nikamweleza kuwa kuna sheria ya 1981 inayokataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi.

"Nani kasema kung'oa? Chuma kichwa kimoja uanike. Tuone kama inzi atakufa."

Nikachuma vitatu, nikaviweka dirishani juu ya gazeti. Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Siku ya tano mama akaomba picha. Nikamtumia: vimenywea, vimeota ukungu wa kijivu.

"Haya," akasema, "gunia limerudishwa."