Masaka ya redioni

Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, sisi wa Miembeni tulivipigana kwa masikio. Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu 1974, na Bara hawakuwa na kituo hata kimoja, lakini kwetu hiyo ilikuwa habari ya wenye nazo. Sisi tulikuwa na redio ya betri. Bibi aliiweka kwenye dirisha linalotazama barazani, na ikifika saa ya taarifa ya habari wazee walisogea na vikombe vyao vya kahawa, na sisi watoto tukajipenyeza miguuni mwao.

Mwalimu alipohutubia, Novemba 1978, kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, haikupita wiki maneno yale tukayatumia kwenye ugomvi wa gololi. Na Amin alipotangaza kwamba yuko tayari kupambana na Nyerere ulingoni, Muhammad Ali awe refa, baraza zima lilicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na kashata. Siku hizi nadhani kicheko kile kilitushawishi kuliko hotuba. Mtu unayemcheka humwogopi, na usipomwogopa huulizi vita vitakula wangapi.

Ami yangu alikuwa jeshini. Alipelekwa Kagera mwezi huohuo, kisha barua zikakatika.

Februari redio ikasema Masaka, mji wa ndani ya Uganda, imeanguka. Walioichukua, tulivyoelewa sisi, ni Waganda wenyewe waliochoka na Amin. Redio za nje zilikuwa zikitaja askari wa Tanzania ndani ya Uganda, lakini mzee wetu mmoja, ambaye neno lake pale barazani lilikuwa kama muhuri, alizikatia: "Fitna za mabeberu hizo. Vijana wetu wako mpakani, wanalinda." Bibi akashukuru Mungu. Kwake mpakani maana yake salama.

Machi Ami akarudi, na magongo. Kipande cha bomu kilikuwa kimemwingia mguuni. Usiku wa kwanza baraza lilijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi za jirani, na yule mzee akamfungulia njia: "Haya mwanangu, tusimulie huko mpakani."

"Mpakani nilipita tu, mzee wangu. Mimi nimeumia Masaka."

Kimya. Mzee akakohoa. "Masaka walichukua Waganda. Redio imesema."

"Hata mimi nimesikia imesema," Ami akajibu. "Nimelala chini na mguu huu, mwenzangu ana kiredio chake, tunasikia Masaka imechukuliwa na Waganda. Tukatazamana. Mmoja akauliza, 'Sasa sisi ni kina nani?' Tulicheka. Baadaye tukanuna, maana tulikuwa tumezika wenzetu."

"Na hao Waganda hawakuwapo?"

"Walikuwapo. Wachache. Na wao walikuwa wakisikiliza redio."

Mzee hakukubali. Naikumbuka sura yake: hakuwa mtu mkaidi, alikuwa amechagua cha kuamini tangu Novemba, na sasa alikuwa akitakiwa abadilishe kwa ajili ya kijana mmoja mwenye magongo. Alianza kumuuliza Ami maswali kama karani wa mahakama: barabara ipi, siku gani, nani alikuwa mkuu wenu.

Ndipo Ami akasema jambo ambalo nafikiri hakukusudia kulisema mbele ya watoto. Alisema Kagera waliisikia kabla ya kuiona. Njia nzima, ndani ya malori, redio iliwaeleza watu waliouawa, ng'ombe walioswagwa, nyumba zilizochomwa. Walipofika wakayakuta kweli, daraja la Kyaka limelala mtoni na kiwanda cha sukari kimekombwa. Kwa hiyo walipoingia Masaka hawakuuona kama mji wa watu. Majumba mengi waliyalipua baada ya mapigano kwisha. "Hilo redio haikulisema," akasema, "na hilo ndilo tulilolifanya sisi, si Waganda."

Safari hii mzee hakubisha. Aliomba kahawa.

Bibi, aliyekuwa nyuma ya pazia muda wote, akapaza sauti kwa ghadhabu ambayo sijui aliielekeza kwa mwanawe au kwa redio: "Yaani dua zangu zote nimeziombea Kyaka, kumbe mtu yuko Masaka!"

Watu wakaangua kicheko, na mazungumzo yakavunjikia hapo.

Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, haikuwezekana tena kuficha ni jeshi gani lililofika huko, na redio ikaanza kuwasifu vijana wetu. Yule mzee alikuwa wa kwanza kutoka barazani jioni ile, akiwapokea wapita njia kwa habari ya jinsi vijana wetu walivyoichukua Masaka, barabara gani walipita, siku gani, nani alikuwa mkuu wao. Ami alikuwa amekaa pembeni na magongo yake. Mzee alipokosea jina la mahali, alimgeukia amsahihishe, kisha akaendelea.