Maji ya mjini yalale kwa nani?

Mwisho wa mwaka 2011 diski kuu za kompyuta zilipanda bei hapa Mombasa hadi wateja wakaanza kunishuku. Diski ya kawaida, ambayo nilizoea kumwekea mtu bila majadiliano marefu, ilikaribia kufika maradufu, na mimi mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta karibu na Mwembe Tayari ndiye niliyeonekana mwizi. Muuza jumla wetu alikuwa na jibu moja kwa kila swali: "Thailand imefurika." Nikalipeleka jibu hilo kwa mteja wangu, mwalimu wa madrasa aliyekuwa na mashine yake imelala mezani. Akanitazama juu ya miwani. "Mvua inyeshe Thailand, nilipie mimi Majengo?"

Alilipa, maskini. Wakati ule takriban asilimia 40 ya diski za dunia nzima zilitengenezwa Thailand, na viwanda vya kampuni ya Western Digital vya Bang Pa-in na Navanakorn, kaskazini mwa Bangkok, vilikuwa vimezama. Mto Chao Phraya ulikuwa umebeba mvua za miezi. Mabwawa makubwa ya huko juu, Bhumibol na Sirikit, yalijaa, na maji yakawa yanateremka bondeni taratibu, mkoa baada ya mkoa, yakiuelekea mji mkuu. Watu zaidi ya 800 walikufa katika mafuriko hayo.

Nilianza kuzifuata habari zile kwa sababu ya bei tu. Kilichonifanya niendelee ni ukuta wa mifuko.

Maji yalipobisha Bangkok, serikali iliamua kwamba katikati ya mji pasiguswe. Kule Don Mueang, upande wa kaskazini, ikapangwa safu ndefu ya mifuko mikubwa ya mchanga, kila mmoja una tani mbili na zaidi, si hivi viroba vyetu vya sukari. Kusini mwa mifuko, maduka makubwa yalikuwa wazi na watu wakinunua viatu. Kaskazini mwake maji yalisimama majumbani wiki kadhaa, yakawa meusi, yakanuka. Wenyeji wakaja wenyewe kuivuta mifuko wapate pa kutolea maji. Upande wa mashariki, Khlong Sam Wa, watu waliukusanyikia mlango wa mfereji wakidai ufunguliwe kimo cha mita moja, na serikali ikakubali huku ikihofia eneo la viwanda la Bang Chan lililokuwa mbele yake. Nakumbuka nikitazama picha zile kwenye mashine ya mteja na kujiuliza ningekuwa upande gani wa mfuko. Kwa kipato changu sikuhitaji kufikiri sana.

Hesabu ya mainjinia siipingi, na nisieleweke vibaya. Maji hayafi. Ukiyazuia hapa yataibukia pale, na ikiwa lazima yalale mahali, afadhali yalale penye mpunga kuliko penye hospitali, bandari na watu milioni kadhaa. Hata mkulima ataikubali hesabu hiyo ukikaa naye chini ukamweleza. Neno langu ni kwamba mara nyingi hakuna anayekaa naye chini. Anaambiwa wakati maji yameshafika magotini, tena na mtu mwenye kipaza sauti, aliye juu ya gari.

Na ahadi zinazotolewa wakati huo, Mungu ndiye shahidi. Tarehe 29 Aprili 1927 huko Marekani walilipua kwa baruti tuta la mto Mississippi pale Caernarvon, chini kidogo ya New Orleans, ili mji upumue. Maji yakaingia St. Bernard na Plaquemines, kwa wavuvi na wategaji wa wanyama wa manyoya. Wakubwa wa benki za mjini walikuwa wameahidi fidia, na wengi wa waliopoteza hawakuona kitu cha maana. Kinachouma zaidi ni kwamba matuta ya huko juu ya mto yalibomoka yenyewe karibu wakati huohuo na kuupunguzia mto nguvu, kwa hivyo huenda mji ungesalimika hata bila baruti ile. Mwaka 2023, mvua zilipoikumba China kaskazini, kiongozi wa chama wa mkoa wa Hebei alisema mkoa wake uwe handaki la kuilinda Beijing, na watu ambao nyumba zao zilikuwa chini ya maji Zhuozhou walikasirika sana. Sisi wa Mombasa handaki twalijua, liko pale Fort Jesus kwa upande wa nchi kavu. Halijengwi ndani yake nyumba ya mtu.

Haya yote yangebaki kuwa mambo ya kusoma tu lau si mjomba.

Mama yangu ni Mpokomo, kwao ni kijiji kimoja karibu na Ngao, Tana. Mei 2024, mto Tana ulipopanda kuliko kawaida, mjomba alivushwa kwa mtumbwi hadi Garsen, akapanda basi, akatufikia Mishomoroni na mfuko mmoja wa nguo na redio. Mwezi huo hali ilikuwa mbaya Tana nzima: barabara ya Garissa ilikuwa imekatika pale Kona Punda, na mwisho wa Aprili mashua ilikuwa imezama kati ya Madogo na Garissa na watu wakafa. Bwawa la Masinga, huko juu ya mto, lilikuwa limejaa na kumwaga, na yale yanayofuata, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, hayana la kufanya maji yakiwa mengi kiasi hicho ila kuyapitisha.

Nilitarajia aulaani mto. Hakuulaani. Siku ya pili, tukiwa barazani na kahawa, nikamwambia, "Pole, mjomba, mto umewatesa."

"Mto?" akasema. "Mto ni mzazi. Mimi naudhika na watu."

Akanieleza vitu ambavyo nilivisikia utotoni bila kuvisikiliza. Kwamba Wapokomo hawakuyakimbia mafuriko, waliyangoja. Mto ulipanda mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ukafunika kingo, ukaacha tope nyeusi, na mpunga ukapandwa nyuma ya maji yanaporudi. Vidimbwi vilivyobaki vilikuwa na kambare na mamumi. Wafugaji nao walishuka na ng'ombe kiangazi kwa sababu majani yalikuwa huku. Mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa njaa. Ya 1961 anayakumbuka kwa kubebwa mabegani na babu yangu, na hata hayo anayasimulia kama mtu anayesimulia mgeni mkorofi wa ukoo, si kama adui.

"Zamani mto ulipiga hodi," akasema. "Maji yalibadilika rangi, ndege wakahama, wazee wakajua tuna siku kadhaa. Sasa miaka inapita mto umelala hata shamba halipati tope. Halafu siku moja waja wote kwa pamoja, usiku."

Masinga lilikamilika mwaka 1981, Kiambere mwishoni mwa muongo huohuo. Kazi yao ni kukusanya maji ya mvua na kuyatoa kidogo kidogo kwa ajili ya mitambo ya umeme, ndiyo maana mafuriko ya kawaida yamepungua huko chini, yale yenye faida. Makubwa mno hayazuiliki, yanapita. Kwa hiyo mtu wa delta, huko mto unapokaribia bahari, amenyang'anywa mafuriko aliyoyataka akaachiwa asiyoyataka. Na umeme? Laini kubwa kutoka Kiambere inashukia Rabai, hapo nyuma yetu, na kutoka Rabai unaingia Mombasa. Chuma cha kulehemu kwenye kibanda changu kinapashwa moto, kwa sehemu, na maji yaliyopita chini ya mlango wa mjomba. Nilipomwambia hivyo alicheka hadi akamwaga kahawa. "Basi kumbe nimekuja kudai changu." Kijijini kwao wakati huo nguzo za umeme zilikuwa hazijafika.

Siwezi kusema Tana maji yalielekezwa makusudi kwa wanakijiji ili kuuokoa mji fulani. Si hivyo. Lakini ukiyaona kwa macho ya mjomba, tofauti inapungua: mahali fulani kuna mtu mwenye usukani wa lango na mahali pengine kuna mtu mwenye migomba, na hawa wawili hawajawahi kuonana.

Wapo waliojaribu kuonana. Thailand yenyewe baada ya kile kipigo ilirudia wazo ambalo Mfalme Bhumibol alilieneza miaka ya 1990, la "mashavu ya tumbili". Tumbili hujaza ndizi mashavuni kwanza, atatafuna baadaye akitulia. Mtu yeyote aliyewahi kuporwa ndizi na tumbili pwani hii hahitaji maelezo zaidi. Kule Bang Rakam, kwenye bonde la mto Yom, tangu 2017 kalenda ya mpunga ilisogezwa: wakulima wanapewa maji mapema, wanapanda kuanzia Aprili, wanavuna kufikia Agosti, kisha mashamba yaliyo matupu yanapokea maji ya mafuriko badala ya miji iliyo chini. Miezi hiyo ya maji wanavua samaki. Nilimwonyesha mjomba picha kwenye simu. Alizitazama kwa makini, akaikuza moja kwa vidole viwili kuona aina ya nyavu. Kisha akauliza maswali ambayo sijayapatia jibu. Nani anayeishika hiyo tarehe? Mvua ikiwahi, mpunga ukiwa bado mbichi, watasubiri au watafungua?

Uholanzi ndiyo iliyomvutia zaidi, ingawa alianza kwa kuitilia shaka. Baada ya mito yao kutisha mwaka 1993 na tena 1995, ambapo watu takriban 250,000 walihamishwa, waliacha kuongeza urefu wa matuta tu wakaanza kuipa mito nafasi. Mahali paitwapo Overdiepse Polder palichaguliwa pawe pa kupokea maji mto ukizidi, ili miji ya jirani ipone. Palikuwa na familia 17 za wafugaji. Wao wenyewe, kabla hawajaamuliwa, wakachora mpango: tuta la mto lishushwe, na sisi tujengewe vilima vya mita kama 6, nyumba na mazizi yakae juu, ng'ombe walishe chini miaka yote ambayo maji hayaji. Karibu nusu waliamua kuhama na wengine wakabaki kwa mtindo huo. Ilichukua miaka mingi ya vikao, na kazi ikamalizika mwaka 2015.

"Walikaa vikao kabla ya mvua," mjomba akasema, akirudiarudia. Kwake hilo lilikuwa kubwa kuliko vilima. Alirejea kwao maji yaliposhuka, akapanda mpunga kwenye tope, na msimu ule alivuna vizuri. Migomba yote ilikufa. Miembe ilisimama.

Sasa nije kwa yaliyo mlangoni pangu. Mtaani kwetu mvua ikinyesha, maji ya barabara kuu yanateremka kwetu kwa sababu sisi ndio tuko chini. Miaka michache iliyopita bwana mmoja alinunua kiwanja, akamwaga kifusi malori kwa malori, akakiinua hadi kifuani, akapandisha gorofa. Kwake pakavu mwaka mzima. Maji yaliyokuwa yakipita hapo yakahamia kwenye zile nyumba za makuti na mabati za nyuma, kwa mama mmoja anayeuza viazi karai, ambaye choo chake hujaa kila masika. Bwana yule hakuvunja sheria yoyote ninayoijua. Alifanya kile kilichofanywa na Bangkok, kwa pesa zake mwenyewe.

Mwezi uliopita mzee wa mtaa aliitisha kikao, na nilikwenda nikiwa na Uholanzi yangu yote kichwani. Sikupata nafasi ya kuitoa, alhamdulillahi, kwa sababu vijana walitangulia. Kuna uwanja wa mpira chini ya msikiti, uko bondeni, na wao ndio wanaoutunza. Nahodha akasimama akasema maji yaelekezwe pale kwa mtaro, yalale uwanjani siku mbili tatu, yanywee ardhini. Wao watacheza kwingine. Ila wana masharti: mtaro ujengwe na wale ambao maji yanatoka kwao, mchanga wa kusawazisha uwanja baada ya mvua ununuliwe na haohao, na pesa iwekwe kwa mzee wa mtaa sasa hivi, si baada ya mvua.

Bwana wa gorofa, ambaye alikuja, nampa heshima hiyo, akauliza kama lori moja la mchanga litatosha. Nahodha akasema matatu. Mama wa viazi karai akasema kabla ya mchanga wa mpira pazungumzwe choo chake. Mzee wa mtaa ameyaandika yote kwenye daftari, na kikao kingine kimewekwa Jumapili, baada ya swala ya alasiri.