Mama kaniuliza tena

Jana usiku, kabla hata hatujamaliza kusalimiana kwenye simu, Mama karudia swali lake la tangu nigundulike na lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hugeuka kuushambulia mwili wenyewe: "Mwanangu, ni mimi niliyekurithisha?" Mdogo wake ana ugonjwa wa tezi, yeye mwenyewe vidole humvimba asubuhi, basi keshajihukumu. Nikamjibu "hapana" upesi upesi, tukazungumza mengine. Usingizi ukagoma kuja.

Kwa sababu kuna kitu kanipa. Zaidi ya sehemu 100 za vinasaba zimehusishwa na lupasi, nyingi zikiwa zinagusa kazi ya kinga. Ila karibu kila moja, ikiwa peke yake, huongeza uwezekano kidogo tu, na watu wengi huzeeka nazo bila hata kipele. Wachache sana ndio ambao jeni moja huwatosha. Mfano ni wanaozaliwa bila C1q, protini inayosaidia kusafisha mabaki ya seli zilizokufa. Walio wengi kati yao hupata lupasi.

Hiyo C1q ndiyo iliyonifungua macho. Seli zetu hufa kila siku. Mabaki yasipozolewa, kinga hukutana na DNA iliyozagaa ikadhani virusi vimeingia. Intaferoni, kemikali za kupigia mwili mbiu ya hatari, humwagwa, na seli B, askari wa kinga, hutengeneza kingamwili dhidi ya kiini cha seli zetu wenyewe, vurugu huishia kwenye ngozi, maungio, figo. Mwili wenye breki nzima ungezituliza hizo seli B mapema, na kuna seli T, askari wengine wa kinga, ambazo kazi yake ni hiyo tu ya kutuliza. Kwangu breki hazishiki vizuri. Watu hunifariji kwa "kikulacho ki nguoni mwako", nami nachukia kidogo: chawa ni mgeni, anakamatwa anatupwa. Huyu wangu ni mlinzi wa nyumba, na nikimfukuza nabaki bila mlango.

Halafu hili la wanawake. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni sisi, na homoni pekee hazilielezi. Kwenye kromosomu ya X, kifurushi kimoja cha vinasaba, kuna jeni iitwayo TLR7, kama kengele ya kugundua virusi. Mwanamke ana X mbili na moja hunyamazishwa, lakini TLR7 wakati mwingine hukataa kunyamaza. Mwaka 2022 watafiti walieleza habari za binti mmoja ambaye badiliko moja ndani ya jeni hiyo lilimletea lupasi tangu utotoni. Na wanaume wanaozaliwa na XXY, yaani wenye X moja ya ziada, hatari yao hukaribia yetu. (X yangu moja ni ya Baba. Mama sijamwambia, hiyo naiweka akiba.)

Leo mchana nikampigia mwenyewe. Nikamweleza habari za mapacha wa kufanana, wenye vinasaba vilevile: mmoja akiugua lupasi, mara nyingi mwenzake haugui. Jua, virusi, homoni, bahati mbaya, vyote vina mkono. Akanyamaza. Nikamwongezea utafiti wa mwaka 2003 uliopima damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani, ambapo wengi waliougua baadaye walikutwa na kingamwili hizo za kujishambulia miaka kadhaa kabla ya dalili. Hapo nilikosea, maana swali lililofuata lilikuwa: "Basi mdogo wako tumpeleke akapimwe?"

Nikamwambia hapana, safari hii taratibu. Kipimo cha ANA, kinachotafuta kingamwili hizo kwenye damu, huwa chanya hata kwa watu wazima wa afya, na hakuna kipimo cha vinasaba kitakachomwambia binti asiye na dalili kama atapata lupasi au la. Kipimo kingempa hofu ya bure tu. Akaguna, ile guno yake ya kutoridhika.

"Na wewe, ile dawa yako ya lupasi, hidroksiklorokwini, umeshameza leo?"

Sikuwa nimemeza.