Tambi za Ukwaju

Bibi mzaa baba hakula nyama wala samaki. Daktari hakumkataza, na haukuwa mwiko wa ukoo, maana wanawe wote walikula ng'onda na mchuzi wa mbuzi kama watu wengine wa Tanga. Ukimuuliza sababu alikujibu neno moja tu: "Haipiti." Kwenye shughuli aliletewa wali mtupu na kachumbari. Ramadhani ikifika, muhogo wa nazi uliungwa na samaki mkavu, na yeye alitakiwa atengewe vipande vyake kabla samaki hajatiwa. Mara nyingi aliyekuwa zamu jikoni alisahau. Siku hizo Bibi alifuturu kwa tende, uji wa pilipili manga na chai, akanyamaza. Mimi nililiona jambo hilo la kawaida kabisa mpaka nilipokwenda Thailand.

Nilikwenda kusoma mwaka 2017, Pathum Thani, kaskazini mwa Bangkok. Muislamu akiwa huko huuliza kila anachokula, kwa sababu mafuta ya nguruwe hayaonekani kwa macho. Oktoba ya mwaka uliofuata nikakuta mitaa imejaa vibendera vya manjano vyenye herufi nyekundu. Ilikuwa sikukuu ya kula "je". Kwa siku 9 za mwezi wa tisa wa kalenda ya Kichina, watu wengi, hasa wenye asili ya China, huacha nyama, samaki, mayai na maziwa, na hata vitunguu na vitunguu saumu huviacha. Nilipita meza baada ya meza, karai baada ya karai, hakuna kilichotiwa hata dagaa mmoja. Nilisimama katikati ya njia nikamfikiria Bibi. Mtaa ule angeweza kuchagua chochote. Nilitaka kulia, na sikujua nimweleze nani.

Karibu na bweni letu palikuwa na mama mmoja aliyeuza tambi. Nilimwita Pa, neno ambalo Wathai humwitia mwanamke aliyekuzidi umri kiasi cha kuwa shangazi yako. Nikamwomba anifundishe phat thai, tambi zao za kukaanga, isiyo na nampla. Nampla ni maji yanayotokana na samaki waliolazwa kwenye chumvi miezi mingi, na kwa kawaida ndiyo chumvi ya chakula kile. Pa hakushangaa. Alinyanyua chupa ya sosi ya soya, akaniita upande wake wa meza.

Alinifundisha kwa mikono zaidi, kwa kuwa Kithai changu kilikuwa cha sokoni. Somo la kwanza lilikuwa gumu kuliko yote: tambi zile hazichemshwi. Mimi nimekua na tambi za sukari, zile nyembamba za ngano unazozikaanga kidogo kisha ukazimwagia maji au tui zikaiva. Hizi za mchele, bapa kama utepe, hulowekwa tu kwenye maji ya kawaida, nusu saa hivi au zaidi kidogo, mpaka uzizungushe kidoleni zisikatike. Zinakuwa bado mbichi ukizitafuna. Uivaji wake wote unafanyika kwenye karai, zikinywa ule mchuzi wa ukwaju. Ukizichemsha kwanza hazina tena pa kuuweka ukwaju, na zinashikana zikawa bonge. Somo la pili: usikaange sahani zaidi ya mbili kwa mkupuo mmoja. Karai likijaa linapoa, na tambi badala ya kukaangika zinatokota.

Ukwaju hakunifundisha. Aliponiona nikiukamua, nikitenga kokwa na nyuzi kwa vidole, alicheka akanipa bakuli lote nimalize mimi.

Nikarudi nyumbani mwishoni mwa Mei 2019, Ramadhani ikiwa imebakiza kumi la mwisho. Begi langu lilikuwa na paketi sita za tambi na mbili za figili nyeupe iliyokaushwa kwa chumvi, ambayo hukatwa vipande vidogo sana. Tambi zenyewe huitwa sen chan, yaani tambi za Chan, kwa jina la Chanthaburi, mji ulio mashariki mwa Bangkok. Baba alilijua jina hilo kabla yangu. Chanthaburi ni soko kubwa la vito, na mawe mengi ya Afrika Mashariki huishia huko kuchomwa na kukatwa. Wachimbaji wa bonde la Umba, mkoani kwetu, huusikia mji huo midomoni mwa wanunuzi. Baba alishika paketi ya tambi akaigeuza mara mbili, kama anayetafuta jiwe ndani yake.

Vingine vyote nilitaka vitoke nyumbani. Ukwaju ulikuwapo. Badala ya sukari ya mnazi anayotumia Pa, nilinunua sukari guru. Karanga, ndimu, pilipili kavu na majani ya vitunguu havikunisumbua. Tofu nilitengeneza mwenyewe: nusu kilo ya soya, ikalala kwenye maji, ikasagwa kwa blenda, ikakamuliwa kwa kitambaa, yale maziwa yakachemshwa sawasawa kisha yakakatwa kwa maji ya ndimu. Nilifunga yale mabonge kwenye kitambaa nikaweka kinu juu yake mpaka yakashikamana.

Choroko ndizo zilizonitesa. Pa hununua choroko zilizochipua kwa kilo, nyeupe, nene, zenye maji. Tanga sikuziona, basi nikaziotesha. Unaziloweka usiku mmoja, unazimwaga maji, unazifunika kwa kitambaa kibichi gizani na kuzisuuza mara tatu kwa siku. Juu yake unaweka kitu kizito kidogo, kwa sababu chipukizi likisukumana na mzigo linanenepa. Siku ya tatu asubuhi nilifungua kabati nikakuta sufuria limeoshwa na kufudikizwa.

"Mwanangu, zile choroko zilikuwa zimeoza, zimeota mikia," Shangazi aliniambia. "Nimewapa kuku."

Sikumjibu vibaya, ni shangazi yangu, na kwa jinsi tulivyolelewa choroko iliyoota imeharibika. Lakini nilikwenda kukaa uani peke yangu. Bibi alinifuata taratibu na fimbo yake, akaniuliza nini. Nikamweleza kwamba nataka kumpikia chakula chake, kisicho na kitoweo, na kwamba chakula hicho kinahitaji zile choroko.

Akafikiri. "Weka chini ya kitanda changu, mke mwenzangu. Huko hafagii mtu bila ruhusa yangu."

Nikaloweka upya. Kwa siku tatu choroko zilikaa chini ya kitanda cha Bibi, na kila nilipoingia kuzisuuza alitaka nimwonyeshe zimefika wapi.

Siku ya kupika nilikuwa nimefunga, na hapo nikagundua tatizo ambalo Pa hakunitayarishia. Mchuzi wa phat thai haupimwi kwa kijiko. Ukwaju mmoja ni mkali, mwingine umelala. Lazima uonje, uongeze, uonje tena, mpaka uchachu, utamu na chumvi visimame pamoja na kimoja kisimzidi mwenzake. Wako wanaosema mpishi anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi akatema. Mimi moyo wangu haukutaka, si katika kumi la mwisho.

Nikamwita mpwa wangu, alikuwa na miaka sita, hajaanza kufunga. Nikamketisha kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa, nikamchotea kidogo.

Akakunja uso wote. "Chachu!"

Nikaongeza sukari guru, ikayeyuka. "Sasa je?"

"Kama ubuyu."

Nikajua tumekaribia. Nikatia sosi ya soya na chumvi kidogo kidogo, huku yeye akilamba kijiko kwa uzito wa mtu aliyepewa kazi ya wakubwa. Mara ya nne alinyamaza, akameza, akasema, "Kama embe bichi la chumvi na pilipili, lile la shuleni." Nikaepua. Hakuna mtu angenieleza vizuri kuliko vile, na hadi leo nikipika natafuta ladha hiyohiyo ya embe la shuleni.

Nyumbani tulikuwa kumi na mmoja, yaani karai sita. Kwa kawaida futari yote huandaliwa mkekani kabla ya adhana na watu huanza pamoja. Phat thai haikubali hivyo, ikikaa inakauka. Basi adhana ilipolia nilikunywa maji, nikala tende moja, nikarudi kwenye moto. Vitunguu na vitunguu saumu, hapo sikufuata "je", Bibi alivipenda. Tofu mpaka ikawa na rangi. Figili. Tambi zilizochujwa, kisha mchuzi, ukapiga kelele na kunywewa. Nilisogeza kando nikavunja yai, kwa kuwa Bibi yai alikula, nikalichanganya. Mwisho choroko na majani ya vitunguu, nikageuza mara mbili tu, zibaki zinaliwa kwa mlio. Karanga za kutwangwa juu, kipande cha ndimu pembeni.

Sahani ya kwanza nikaipeleka kwa Bibi. Baba alikuwa ameshanyoosha mkono akidhani ni yake, akaurudisha. Aliipata ya kwake karai la tatu.

Bibi alikamua ndimu, akashika tambi kwa vidole, akala. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Hiki chakula cha kabila gani?"

Nikamwambia tambi na namna ya kukaanga ni za Wachina, ukwaju na pilipili ndiyo Uthai wake. Nikamwambia kilienea nchi nzima pale waziri mkuu wao, Plaek Phibunsongkhram, alipohimiza watu wakile, zama zilezile nchi ilipoacha jina la Siam na kuitwa Thailand, mwaka 1939.

"Vita vya Hitla vilikuwa vimeanza?"

"Ndiyo vilianza mwaka huo, Bibi."

Bibi hakuwa na cheti cha kuzaliwa, ila alijua alizaliwa kabla ya vita hivyo. Akageukia sahani. "Basi mdogo wangu," akasema, akaendelea kula.

Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi nikimwangalia. Tambi za Shangazi zilianza kushika kwenye karai ndani, nikakimbia.

Sahani ilirudi tupu, hata karanga za pembeni zimeokotwa. Shangazi alikula yake akachagua choroko moja, akaiangalia mkia wake kwenye mwanga wa taa, akaitia mdomoni. "Kumbe," alisema.

Siku mbili kabla ya Idi niliingia chumbani kwa Bibi kufagia, yeye mwenyewe alikuwa uani. Nilipoinama, ufagio uligonga kitu chini ya kitanda. Lilikuwa sufuria dogo la uji, limefunikwa kwa kanga kuukuu iliyoloweshwa, na juu ya kanga Bibi alikuwa ameweka mchi wa kinu.