Hadithi iliyolala kwenye daftari

Miaka mitatu hadithi yangu imelala kwenye daftari. Kila nikilifungua, kisauti kinaniuliza: nani kakuambia wewe ni mwandishi? Nafunga.

Juzi usiku nikajiwekea sharti: dakika 20 tu, kalamu isisimame, kufuta marufuku. Ukurasa wa kwanza ulikuwa ovyo kabisa, nakiri. Wa pili nao vilevile. Kwenye wa tatu, yule bibi wa kwenye hadithi akasema neno ambalo mimi mwenyewe sikulitarajia, nikacheka peke yangu kama chizi.

Jana nikamsomea dada yangu. Akanyamaza (moyo ulinidunda jamani!), kisha akauliza, "Halafu ikawaje?"

Kisauti bado kipo, hata sasa ninavyoandika hapa. Ila dada anasubiri, na ilivyokuwa hata mimi sijui. Ngoja nikashike kalamu.